Usipoziba Ufa

Kila mwaka inapokaribia tarehe 31 Oktoba, husikika katika nchi zetu mahubiri ya aina mbili. Sisi Walutheri, ambao hapa Tanzania ni mamilioni, husimuliwa habari ya mtawa shujaa aliyeshika nyundo na msumari mwaka 1517, akaenda kwenye mlango wa kanisa la Wittenberg, na Ulaya nzima ikatikisika. Wakatoliki waliolelewa katika mafundisho ya zamani walisimuliwa habari ya mtawa mkaidi, mwenye kiburi, aliyeshindwa na nadhiri zake akaona heri alivunje Kanisa kuliko kujinyenyekeza. Habari hizi zote mbili nimezisikia tangu utoto, maana katika ukoo wetu wapo wa huku na wa huko, na mabishano hatukuyakosa. Leo nasema bila kumumunya maneno: zote mbili ni hadithi za watoto. Zinapingana kama mtu yule alikuwa malaika au shetani, lakini zinakubaliana katika kosa moja kubwa, nalo ni kumtwika mtu mmoja mzigo wa miaka mia mbili.

Hata huo msumari wenyewe una mashaka. Hakuna aliyeona kwa macho yake akatuachia maandishi kwamba siku ile Luther aligongomea karatasi mlangoni. Lililo hakika ni kwamba siku hiyo alimwandikia barua askofu mkuu, Albert wa Mainz, akaambatanisha hoja zake 95, akimwomba awazuie wahubiri waliokuwa wakitembeza vyeti vya rehema. Yaani alifanya lile lile ambalo kila kiongozi wa dini huwaagiza waumini walifanye: alipeleka lalamiko kwa mkubwa wake, kwa maandishi, kwa Kilatini, na kwa heshima. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo tunapoendelea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dai langu ni hili: walioligawa Kanisa la Magharibi ni wale waliouona ufa kwa zaidi ya miaka mia mbili, wakaonyeshwa mahali pa kuuziba, wakapewa hata matofali na udongo, wakakataa; na kila aliyewaonyesha ufa wakamwita mbomoaji.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1309 Papa Clement V alihamia Avignon, mji ulio kusini mwa Ufaransa ya leo, na mapapa wakakaa huko hadi 1377. Ulikuwa wakati wa kujenga ofisi, na hasa ofisi za fedha. Aliyepewa uaskofu alilipa. Aliyepewa parokia nono alitoa sehemu ya mapato yake ya mwaka wa kwanza. Aliyetaka ruhusa ya kushika vyeo viwili kwa mpigo alilipa tena. Kiti cha Petro kilikuwa mbali na mapato yake ya Italia, kwa hiyo kikawakamua wengine, na waliokamuliwa hawakusahau.

Mapapa walirudi Roma, lakini mambo yakaharibika zaidi. Mwaka 1378 makardinali walimchagua Urban VI, na kabla mwaka haujaisha wengi wa makardinali wale wale wakamchagua Clement VII, wakidai kwamba mara ya kwanza walipiga kura kwa hofu ya makelele ya watu wa Roma. Kila papa akamtenga mwenzake pamoja na wafuasi wake. Maana yake ni kwamba kila Mkristo wa Ulaya Magharibi, hata bibi kizee asiyejua kusoma, alikuwa ametengwa na Kanisa na papa mmoja au mwingine. Mwaka 1409 wakubwa walikutana Pisa ili kumaliza aibu hiyo, wakachagua papa mpya. Wale wawili wakakataa kung'oka, wakawa watatu. Na hayo yalitokea wakati kizazi kile kilikuwa bado kinazika. Tauni kubwa ya miaka ya 1347 hadi 1351 ilikuwa imemaliza theluthi moja ya watu au zaidi, ikarudi tena na tena. Mtu aliyezika watoto wake huuliza swali moja tu: wako wapi sasa, na mimi nitakwenda wapi? Alipogeuka kumwuliza mchungaji, aliwakuta wachungaji watatu wakigombea fimbo.

Je, hakuna aliyesema? Walisema, tena mapema. John Wycliffe wa Oxford, aliyefariki mwaka 1384, alifundisha kwamba Maandiko yako juu ya papa, na wafuasi wake wakayatafsiri kwa Kiingereza. Jan Hus alihubiri Prague kwa lugha ya Kicheki, akakemea biashara ya vyeo na ya rehema. Aliitwa kwenye Mtaguso wa Konstanz akiwa na hati ya usalama kutoka kwa mfalme Sigismund. Akakamatwa, na tarehe 6 Julai 1415 akachomwa moto. Wycliffe, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufa, alihukumiwa na mtaguso huo huo, na mwaka 1428 mifupa yake ikafukuliwa ikachomwa. Huko ndiko kulijibu swali kwa kuchoma mifupa ya muulizaji.

Lakini nisiwe mtu wa kuonea. Mtaguso huo huo wa Konstanz ulifanya jambo jema ambalo wahubiri wetu hawalitaji kabisa. Uliwaondoa mapapa wote watatu, ukamchagua mmoja mwaka 1417, na kabla ya hapo ukatoa amri kwamba mtaguso mkuu uitishwe tena baada ya miaka mitano, kisha baada ya saba, na kutoka hapo kila baada ya miaka kumi bila kukosa. Fikiri, ndugu msomaji! Kanisa lilikuwa limejiwekea kikao cha kudumu cha kujisahihisha, miaka mia moja kamili kabla ya Luther. Laiti amri ile ingeheshimiwa, huenda leo jina la Luther lingejulikana kwa maprofesa wa Kijerumani peke yao.

Haikuheshimiwa. Vikao viwili vilivyofuata vilifanyika, cha pili kikaishia katika ugomvi mrefu wa papa na maaskofu huko Basel. Na mwaka 1460 Papa Pius II akatoa amri ya kulaani mtu yeyote atakayekata rufaa kutoka kwa papa kwenda kwa mtaguso. Pius huyu ni nani? Ni Enea Silvio Piccolomini, ambaye ujanani alikuwa ofisa wa mtaguso ule wa Basel na mtetezi wake kwa kalamu. Alipanda kwa ngazi hiyo, na alipofika juu akaivuta. Mwaka 1462 akaenda mbali zaidi. Watu wa Bohemia, baada ya kumlilia Hus na kuyashinda majeshi ya msalaba yaliyotumwa juu yao, walikuwa wamefikia mapatano na Basel kwamba waumini wa kawaida wapewe kikombe katika Ekaristi. Mapatano yale Pius akayafuta. Waliokuwa wamerudishwa nyumbani wakaambiwa kwamba mlango haukuwahi kufunguliwa.

Sasa nigeukie kosa la upande wetu. Tumezoea kuhubiri kwamba kabla ya Luther Ulaya ilikuwa gizani, watu hawajali dini, Biblia imefungwa kwa minyororo. Si kweli. Karne ile ya 15 watu walikuwa wachaji kuliko kawaida. Walijenga makanisa, wakaunda vyama vya sala, wakaenda hija, na miji ya Ujerumani ikaajiri wahubiri kwa fedha zake yenyewe kwa kuwa watu walitaka mahubiri. Kabla ya Luther kutoa Agano Jipya lake mwaka 1522, Biblia nzima ilikuwa imekwisha kuchapwa kwa Kijerumani mara 18, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1466. Tukiwaita watu hao wapagani waliobatizwa, tunawasingizia.

Na hapa ndipo kiini cha jambo lenyewe. Asiyejali dini haleti mageuzi ya dini. Huenda zake shambani. Mwenye kuleta mageuzi ni yule anayeamini kila neno aliloambiwa, kisha akaona aliyemwambia anachezea neno lile. Watu wale waliogopa hukumu kweli kweli, walipenda roho za marehemu wao kweli kweli, na ndiyo maana waliumia kweli kweli walipogundua kwamba hofu yao na upendo wao vimewekewa bei.

Maana rehema zilikuwa na historia yake. Mwaka 1343 Papa Clement VI alieleza rasmi kwamba Kanisa linayo hazina ya mastahili ya Kristo na ya watakatifu, nalo laweza kuigawa. Mwaka 1476 Papa Sixtus IV akapanua ugawaji huo uwafikie hata marehemu walioko toharani. Sina haja ya kubishana na fundisho lenyewe hapa; Wakatoliki wenye elimu watanieleza kwamba halikuwa na maana ya kuuza msamaha, nami nitakubali. Nauliza tu, mama aliyefiwa na mtoto alielewa nini mhubiri aliposimama sokoni na sanduku la fedha? Tena mtambo wa kuchapia, ambao sisi huusifu kama punda aliyebeba Matengenezo ya Kanisa, ulibeba vyeti vya rehema kwanza. Vilichapwa Mainz mwaka 1454, wakati Biblia maarufu ya Gutenberg ilikuwa bado haijakamilika.

Ukifika mwaka 1514 ufa umekuwa tundu la kupita mtu. Albert, kijana wa miaka 24 wa ukoo wa watawala wa Brandenburg, tayari alikuwa askofu mkuu wa Magdeburg na msimamizi wa Halberstadt. Sasa akautaka pia uaskofu mkuu wa Mainz. Sheria za Kanisa zilikataza, fedha ziliruhusu. Alikopa kwa Wafugger, matajiri wa benki wa Augsburg, akailipa Roma. Ili deni lilipike, aliruhusiwa kutembeza katika majimbo yake rehema ya ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro, nusu ya mapato iende Roma, nusu kwa wadai wake. Mtembezaji mkuu alikuwa Johann Tetzel. Mtawala wa Saxony, Frederick, alimzuia asiingie katika nchi yake, si kwa sababu ya utakatifu, maana naye alikuwa na mkusanyo wake wa masalia ya watakatifu uliozidi vipande 18,000 na kuwapatia mahujaji rehema zake. Watu wa Wittenberg wakavuka mpaka kwenda kununua, wakarudi na vyeti, wakamwonyesha padri wao anayewaungamisha. Padri huyo alikuwa Luther.

Huyo Albert mdaiwa ndiye Luther aliyemwandikia ile barua ya heshima. Nadhani msomaji sasa anaona uchungu wake. Mlalamikaji alifuata njia ya halali, na njia ya halali ilimfikisha moja kwa moja kwenye mfuko wa mshtakiwa.

Wapo wasomi watakaoniambia, "Bwana, unapoteza wakati na habari za roho. Yote yalikuwa ni fedha na tamaa ya wakubwa wa Ujerumani." Hoja hii ilipendwa sana katika vyuo vyetu siku za siasa ya mapinduzi, na ina ukweli ndani yake. Katika mkutano wa Worms wa mwaka 1521, wakubwa wa Ujerumani waliorodhesha malalamiko 102 juu ya Roma, na kati ya walalamikaji alikuwamo George wa Saxony, adui mkubwa wa Luther mwenyewe. Lakini tamaa ya wakubwa si jambo jipya duniani. Wafalme walikuwa wakizitamani mali za Kanisa tangu Kanisa lilipoanza kuwa na mali. Swali ni kwa nini safari hii watu wa kawaida walikubali. Mtawala anaweza kunyang'anya shamba la watawa kwa upanga. Hawezi kwa upanga kumfanya fundi viatu aimbe zaburi.

Watu walikubali kwa kuwa imani yao kwa wenye mamlaka ilikuwa imeliwa na mchwa kwa muda mrefu, na wasomi walikuwa wameangusha nguzo moja moja. Mwaka 1440 Lorenzo Valla, kwa kuchunguza Kilatini chake tu, alithibitisha kwamba hati ambayo eti Konstantino alimpa papa utawala wa Magharibi ilikuwa ya kughushi. Mwaka 1516 Erasmus akachapa Agano Jipya kwa Kigiriki, na waliolisoma wakaona kwamba neno la Yesu lililozoeleka kufahamika kama "fanyeni kitubio" linasema hasa "geukeni nia". Ni maneno machache, lakini yapime. La kwanza linakupeleka kwa karani. La pili linakupeleka kwa Mungu. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 inahusu neno hilo.

Na je, Roma haikujua? Ilijua. Mwaka 1513 watawa wawili wa Venice, Paolo Giustiniani na Vincenzo Quirini, walimwandikia Papa Leo X waraka mrefu wakimwomba arekebishe elimu ya mapadri, apunguze anasa, na awape watu Maandiko kwa lugha wanayoielewa. Hawakuwa wazushi, walikuwa watawa watiifu. Tena Mtaguso wa Laterano ulikuwa unakaa wakati huo huo, tangu 1512. Ulitoa amri nzuri nzuri, zisizo na mtu wa kuzitekeleza, ukafungwa Machi 1517. Miezi saba baadaye ikaandikwa barua ya Wittenberg. Ndiyo maana nasema Luther hakumzidi Hus kwa ujasiri. Alimzidi kwa mambo mawili: mtawala wa kumficha na mtambo wa kuchapia. Hus angekuwa na hivyo viwili, tungekuwa tunasherehekea tarehe nyingine.

Hatimaye ufa ulizibwa, lakini ukuta ulikuwa umekwisha kuanguka. Mwaka 1522 Papa Adrian VI alimtuma mjumbe wake Nuremberg kukiri mbele ya wakubwa wa Ujerumani kwamba uovu ulianzia kwenye Kiti cha Roma chenyewe. Alifariki mwaka uliofuata. Mtaguso wa Trento ulifunguliwa 1545, na mwaka 1562 ukaifuta kabisa kazi ya watembezaji wa rehema. Lile aliloliomba Luther katika barua yake likatendeka, miaka 45 baadaye, yeye akiwa kaburini. Kikombe cha watu wa Bohemia kilianza kurudishwa kwa waumini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika miaka ya 1960. Na Desemba 1999 Papa Yohane Paulo II alieleza masikitiko yake makubwa juu ya kifo cha Hus. Mwungwana ni yule anayekiri, nami namheshimu kwa hilo. Lakini miaka 584 ni mingi mno.

Wala tusijipigie makofi sisi wa upande wa pili. Waliofukuzwa nyumbani walijenga nyumba zao, na jambo la kwanza walilotia mlangoni ni komeo. Mji wa Zurich, uliokuwa wa Matengenezo, ulimtosa mtoni Felix Manz mwaka 1527 kwa kuhubiri ubatizo wa watu wazima. Geneva ikamchoma Servetus mwaka 1553. Ugonjwa huu hauchagui dhehebu.

Afrika Mashariki tuliletewa mgawanyiko ule ukiwa umekwisha kupikwa, kila misheni na chungu chake. Lakini tulipata pia jaribio letu wenyewe. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi Gahini huko Rwanda, walikutana Kampala, na kutokana na urafiki wao na wa wenzao ukaja Uamsho. Walokole waliungama dhambi hadharani, na kuwakemea wachungaji, hata Wazungu, usoni pao. Mwaka 1941 wanafunzi zaidi ya ishirini walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono. Hapo ungedhani historia ya Wittenberg inajirudia. Lakini mlango haukupigwa misumari. Mazungumzo yaliendelea kwa miaka, Walokole wengi wakabaki katika Kanisa lao la Anglikana, na baadhi yao, kama Festo Kivengere, wakawa maaskofu wake. Kule Nyanza nchini Kenya, ambako ugomvi uliotokana na Uamsho huo haukupata suluhisho, kundi la Johera lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1950 likaunda Kanisa lake. Uamsho ni ule ule, kizazi ni kile kile. Tofauti ilikuwa mlango.

Kwa nini nayachimbua haya? Kwa sababu nimekaa miaka kadhaa katika baraza la wazee wa usharika, na nimesikia kwa masikio yangu mama mjane akisimama kuuliza michango ya paa imefikia wapi, akajibiwa kwamba ana roho ya uasi. Hakuasi. Alikuwa ametoa shilingi zake kwa imani, akataka kujua zimekuwa bati au zimekuwa nini. Baada ya miezi michache hakuonekana tena. Alikuwa anasali chini ya mwembe na watu wengine thelathini, na mzee aliyemkaripia akawa anatuhubiria juu ya hatari ya manabii wa uongo wanaoiba kondoo. Kondoo yule hakuibwa. Alifukuzwa kwa fimbo na mchungaji wake, kisha mwembe ukalaumiwa kwa kuwa na kivuli.

Basi ninalo neno kwa viongozi wetu wa madhehebu yote, wanaohesabu kila mwaka waumini waliohama na kulaani waliowapokea. Acheni kutafuta Luther wa kumlaumu. Fungueni daftari la hesabu, someni mbele ya watu. Itisheni mikutano ambayo katiba zenu zinataka iitishwe. Barua ya heshima ikija mezani, ijibuni, hata kama aliyeiandika ni padri wa mji mdogo, mwanafunzi au mjane. Mwenye kuandika barua bado yumo ndani ya nyumba. Mwogopeni yule aliyechoka kuandika.